Biringanya za Posa

Jumatatu, 9 Septemba
Mji mzima wa Hama unanukia kitunguu saumu na mimi nataka mke. Leo nimepeleka posa ya Rudayna. Kahawa sikuigusa, kama ilivyo desturi, mpaka nipewe jibu. Ikapoa. Mama yake, Mama Ghazwan, akaniuliza kama kwangu kuna mtungi hata mmoja wa makdusi, zile biringanya ndogo za kusindikwa kwenye mafuta. Nikasema dukani ipo. Kosa! Akasema mwanamume asiyeweza kungoja biringanya itoe maji hawezi kungoja mke avae mtandio. Nimletee mtungi wa mkono wangu mwenyewe Ijumaa ya wiki ijayo. Ghiyath mfamasia naye anamposa Rudayna, na ameshaahidi kuleta mtungi wake. Ghiyath! Yule mwenye kucha safi.

Jumanne, 10 Septemba
Nimechemsha biringanya ndogo, nikazipasua, nikazitia chumvi tumboni, nikazipindua kwenye chujio. Dada yangu Hanadi anasema sasa niweke jiwe zito juu na niende zangu, chumvi itayavuta maji yenyewe. Siku mbili, tatu. Tatu! Nimekaa nikizitazama. Tone. Nikanywa chai. Tone jingine.

Wazo! Mashine ya kufulia ya Hanadi inakamua hata blanketi.

Jumatano, 11 Septemba
Mashati ya shule ya wapwa zangu yamekuwa ya zambarau. Mbegu zimeziba bomba. Hanadi kaniuliza kama nilizaliwa au niliokotwa. Nimenunua biringanya nyingine.

Alhamisi, 12 Septemba
Akili mpya. Kama chumvi kidogo inavuta maji polepole, chumvi nyingi itayavuta mbio. Nimemwaga mfuko mzima. Na kweli! Kabla ya adhuhuri beseni limejaa maji meusi na biringanya zimenywea kama soksi kuukuu. Nimecheka peke yangu. Kisha nikaonja. Ulimi umekufa ganzi, dukani nimeagiza mkate kwa ishara.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimezilaza kwenye maji matupu ili chumvi itoke. Imetoka kiasi. La ajabu, zimenenepa! Zimefura, zinang'aa kama mabwana harusi. Hanadi anasema maji niliyoyafukuza yamerudi na jamaa zao, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani ndiyo inayowaita, na kwamba yatachachua kila kitu mtungini. Wivu tu. Nimezijaza kokwa za jozi na pilipili nyekundu, nikazishindilia, nikamimina mafuta ya zeituni, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Ijumaa, 20 Septemba
Aibu! Mitungi miwili mezani, wangu na wa Ghiyath. Shangazi zake Rudayna wamejipanga kama mahakimu. Mama Ghazwan akatega sikio, akasema mtungi wangu unanong'ona. Nikamwambia ni baraka hizo. Akafungua. Ya Rabi! Povu, mafuta, na biringanya moja nzima ikaruka ikatua mapajani mwa shangazi mkubwa. Shangazi akatamka shahada.

Mama Ghazwan akaonja ya Ghiyath, akasema haina kasoro. Roho ikanitoka. Kahawa yangu ilikuwa imepoa tena, nikaaga.

Rudayna akanifuata ngazini, kacheka mpaka machozi, jiwe mkononi. Jiwe la mto Asi, lile la mama yake la kukandamizia. Kumbe mama amemwambia, "Mpelekee huyo kichaa. Msimu haujaisha, ajaribu mara moja tu, ya mwisho." Na Rudayna akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba makdusi ya Ghiyath imetengenezwa na mama yake Ghiyath. Tena akasema, "Mimi naweza kungoja, Nadim. Wewe je?" Nikaapa. Nimelia njia nzima huku nimelikumbatia jiwe, na sioni haya kusema. Nampenda.

Jumapili, 22 Septemba
Biringanya mpya zimepasuliwa, zimetiwa chumvi. Chumvi ya kiasi! Nimekuwa mtu mwingine. Haraka haraka haina baraka, nimemwambia Hanadi. Ameufungia mlango wa mashine kwa kufuli.

Lakini pasi ya nguo hakuificha. Ukiipitisha taratibu juu ya biringanya, maji yanatoka yakiimba. Rudayna hatangoja hata wiki! Na jiwe la Mama Ghazwan ni zito kweli, mashallah. Nimelisukumia mlangoni ili Hanadi asiingie.