Delko ya Baba

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baridi kali. Mtaa wetu mzima wa Milanzi tunatoa moshi mdomoni.

Zimebaki siku tano. Jumamosi ni misa ya mwaka mmoja wa marehemu baba, kule Laela alikozikwa. Tangu Pasaka mama amesema jambo moja tu: atakwenda kaburini kwa gari la baba. Si basi. Si gari la mtu. Ile Corolla ambayo baba, katekista Teodori, aliuziwa na padri aliyekuwa anarudi kwao, mwaka tisini na moja. Mama alikaa kiti cha mbele miaka thelathini na miwili. Ana haki ya kusema.

Gari linakwenda, ila kwa manung'uniko. Kwenye mwinuko linagonga kama kuna mtu anatwanga karanga ndani ya injini. Shemeji yangu Beda, kaka wa mke wangu, ana gereji karibu na stendi. Jana baada ya sala za jumuiya alilisikiliza nusu dakika. Akasema ni taimingi: moto wa plagi unawahi kabla pistoni haijafika mahali pake. Nimpelekee leo, kazi ya saa moja. Alisema mbele ya watu wote. Kisha akaongeza kwamba mimi nisiliguse.

Nisiliguse. Gari la baba yangu.

Nimefunga duka langu la madaftari kwa wiki nzima. Nitaiweka taimingi mwenyewe, hapa uani. Jumamosi Beda atalisikia gari pale Laela na ataniuliza fundi wangu ni nani. Nitanyamaza kwa heshima.

Jumanne, 9 Julai

Nimetazama video nne kwenye simu. Si jambo gumu. Kuna kitu kinaitwa delko, kama kikombe chenye nyaya, ndicho kinachogawa moto kwa plagi. Unalegeza nati yake, unakizungusha kidogo, moto unawahi au unachelewa. Mafundi hutumia taa maalumu ya kumulika alama iliyoko kwenye puli ya mbele, lile gurudumu dogo la mkanda. Beda anayo. Sikumwomba. Tochi ya simu yangu humetameta muziki ukipigwa; nitatumia hiyo.

Mchana alama haionekani, kwa hiyo nilijifunika blanketi mimi na injini pamoja, injini ikiwaka. Nikakohoa sana. Mke wangu Jovina alitoka na ungo wa ulezi, akaitazama miguu yangu iliyobaki nje, akarudi ndani. Hakuuliza. Miaka kumi na tisa ya ndoa.

Alama sikuiona. Nikaenda kwa kusikiliza. Upande mmoja likakohoa, upande wa pili likatulia. Nikalitoa hadi barabara kuu. Halikugonga hata mara moja! Kwenye mwinuko tukapitwa na baiskeli yenye magunia mawili ya mahindi, lakini mwendo ni jambo jingine.

Naandika kwa kumbukumbu: kazi imekamilika.

Jumatano, 10 Julai

Kazi haikukamilika. Leo gari halipandi hata kizingiti cha geti letu.

Nimefikiri kwa utulivu. Delko ni chafu. Nikaichomoa yote, nikaisafisha kwa petroli na mswaki, ikang'aa kama kikombe cha altareni. Nilipotaka kuirudisha nikagundua kwamba sikutazama ilikuwa imeelekea wapi. Tena, wakati delko iko nje, nilikuwa nimepiga stata mara mbili kuona kama betri ni nzima, na injini ikazunguka. Betri ni nzima.

Mama alitoka na kigoda akakaa karibu na gurudumu. Akatazama muda mrefu. Akauliza kama nimeisikia pumzi. Nikamjibu kwamba napumua vizuri, ni baridi tu ya asubuhi. Akanitazama, akarudi kuitazama injini. Amezeeka mama. Hajawahi kushika usukani maisha yake yote, na anataka kusaidia.

Nililinganisha alama ya puli na alama ya injini, sawasawa kabisa, kama video inavyosema. Nikairudisha delko. Halikuwaka. Kesho.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepoteza nyusi ya kushoto.

Niliondoa kifuniko cha kabureta nione petroli inavyoingia. Nikamwomba Jovina apige stata. Moto ukatoka juu, mahali pa kuingilia hewa, ukanipitia usoni. Jovina alinimwagia maji ya kuoshea vyombo.

Saa tisa Beda akapita. Nililitupia gari blanketi. Akauliza kwa nini gari linasikia baridi. Nikasema linapumzika kwa ajili ya safari. Akaitazama nyusi yangu, yaani mahali ilipokuwa, akaniambia gereji iko wazi hadi jioni. Nikamshukuru kwa sauti ya mtu asiye na shida.

Kisha nikaandaa mpango mwingine. Nikamwambia mama kwamba barabara ya Laela ina upepo mkali siku hizi, na ndani ya basi ni joto, na baba mwenyewe angependa apande basi. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Vitus," akasema, "likiwaka litanipeleka. Lisipowaka, Jumamosi nitakaa humo humo uani na rozari yangu. Nitamwombea baba yako nikiwa ndani ya gari lake."

Nimekosa hamu ya kula.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi Beda aliingia na sanduku la spana. Jovina ndiye aliyempigia. Hakuficha. Aliniambia kwamba hawezi kumwangalia mama akisali ndani ya gari bovu kwa sababu ya kiburi changu. Nikaliondolea gari blanketi.

Beda alimwamkia mama shikamoo, akafungua boneti, akaniuliza kama pistoni namba moja ilikuwa juu kwa kukandamiza hewa au juu kwa kutoa moshi. Nikasema ilikuwa juu. Akashusha pumzi ndefu. Akaeleza kwamba pistoni hupanda mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, na alama ya puli hulingana mara zote mbili, lakini moto unatakiwa mara moja tu. Mimi nilikuwa nimewasha ile nyingine. Ndiyo maana ulinijia usoni.

Akachomoa plagi ya kwanza. Akataka mtu wa kuziba tundu kwa kidole, asikie hewa inapokandamizwa. Nikajongea.

"Wewe kaa," mama akasema.

Akainuka kwenye kigoda. Akakunja mkono wa sweta, akafuta kidole gumba kwa khanga, akakiweka kwenye tundu bila kuonyeshwa ni lipi. Beda akaanza kuizungusha injini polepole kwa spana kubwa. Mama alifumba macho.

"Bado," akasema. "Bado. Sasa. Inanisukuma."

Hewa ilikitoa kidole chake kwa mlio mdogo. Beda akasogeza puli hadi alama, akaichomeka delko, akafunga nyaya, akapiga stata. Likawaka papo hapo.

Hewa hiyo baba alikuwa anaiita pumzi. Kila alipofungua injini, miaka yote ile, mama ndiye alikuwa kidole chake. Alitueleza akiwa bado ameshika ukingo wa boneti. Tangu msiba hakuwa ameigusa. Akasema ni ileile. Kisha akalia, na Jovina akamshika.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuangalia kuni.

Injini ilipopata moto Beda akaleta taa yake, akaweka taimingi, akakaza nati, akachora mstari mweupe wa rangi kwenye delko. Akasema nisiliguse. Safari hii alisema polepole, na hapakuwa na watu.

Jumamosi, 13 Julai

Laela. Gari halikugonga, halikukohoa. Mama alikaa mbele, dirisha limefunguliwa kidogo, mkono juu ya dashibodi. Hakusema neno hadi makaburini. Pale alisema mengi, kwa Kifipa, na hayo si yangu kuyaandika.

Baada ya misa watu walilizunguka gari wakauliza nani ameliweka sawa namna hii. Beda alikuwa mbali kidogo, anakula. Nikasema ni kazi ya familia.

Jumapili, 14 Julai

Nimepumzika na kutafakari wiki hii. Kwa haki, sehemu kubwa ilikuwa imeshafanyika kabla Beda hajaja. Delko ilikuwa safi. Betri nilishaipima. Ilibaki hewa tu.

Obed, mwalimu wa kwaya, ana pikapu ya zamani inayogonga vilevile. Baada ya misa nilimwambia asijisumbue na gereji, ailete hapa Jumanne. Aliuliza kama nahitaji vifaa. Nikamweleza kwamba kazi hii haihitaji vifaa, inahitaji kidole.

Mama sitamsumbua. Nitatumia changu, ni kinene zaidi.