Malalamiko juu ya Mtihani wa Kusalimia

Bukavu, Ijumaa, tarehe 22 Novemba 2002

Kwa Masera Colombe,
mtawa na Mkurugenzi wa kituo chetu cha mafundi wa mtandao,
ambaye kwa sasa yuko Idjwi

Masera mpendwa,

Naomba radhi kwa kukufuata na maneno hadi kisiwani. Najua umeenda huko kufungua kituo kipya cha foni, kwa kuwa tangu vita vianze redio hiyo ya kuongelea ndiyo barabara pekee isiyo na kizuizi. Ningesubiri urudi, lakini orodha ya watakaosomea brevet, cheti cha fundi wa mtandao, inafungwa kesho Jumamosi saa sita, na jina langu halimo.

Mimi ni Laurette Akonkwa, mwaka wa sita, mchepuo wa Math-Physique. Labda hunikumbuki, maana ulipotutembelea shuleni nilikaa nyuma ya mwenzangu Cirhuza, ambaye ni mpana. Imebaki nafasi moja tu. Nikiikosa, baba yangu ameshaamua kwamba nitasomea ualimu, yaani kila asubuhi nitasimama mbele ya watoto hamsini na tano na kuongea.

Malalamiko yangu nayaandika kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Kuhusu alama. Katika mtihani wa kuandika nilipata kumi na tisa kwa ishirini. Katika ule wa pili, unaoitwa Adabu ya Kazi na Ujuzi Mpana, nilipata tatu. Ulikuwa hivi: Maman Constance, katibu wa kituo, alijifanya mteja ambaye kompyuta yake imepoteza mtandao. Niliingia, nikaona waya umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, nikaurekebisha, nikatoka. Dakika moja na nusu. Maman Constance alinifuata hadi mlangoni akauliza, "Mutoto, uko bubu ao uko na kasirani?" Papa Firmin, fundi wetu mkuu, akaandika chini ya karatasi yangu: "Mashini ameiona. Mutu hajamuona." Naheshimu maoni yake, lakini aliyekuwa mgonjwa ni kompyuta.

2. Kuhusu salamu. Papa Firmin ana brevet aliyoipata Nairobi. Iko ukutani ndani ya kioo na nimeisoma yote, pamoja na muhuri. Hakuna mahali palipoandikwa kusalimia. Hata hivyo, katika wiki ya majaribio nilipomfuata kwenye dispensari moja, nilimpima kwa saa yangu: dakika kumi na moja za salamu, dakika moja ya kazi. Aliuliza nyumba, watoto, mbuzi, na kwa nini mlinzi anachechemea. Mlinzi akasema aliumia mguu asubuhi ile akisogeza kabati. Papa Firmin akampa pole, akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, na waya ulikuwa pale, umebanwa. Anadai kwamba ni salamu iliyougundua. Mimi nasema ni bahati. Tungeugundua hata bila ule mguu, kama tungekagua waya wote kwa utaratibu, mita mia mbili na arobaini.

3. Kuhusu ukweli. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Kanuni za kazi, kifungu cha pili, zinasema fundi asimdanganye mteja. Mwezi uliopita Padri Benoît alilalamika kwamba mtandao wa parokia umekufa kwa siku tatu. Tulipofika tulikuta ameifunika parabole, ile sahani kubwa ya juu ya paa, kwa bashi, turubai la wakimbizi, ili mvua isiiharibu. Bashi ilikuwa imejaa maji kama karai. Mimi nilikuwa na maelezo tayari kwenye daftari, kurasa mbili, pamoja na mchoro wa namna mawimbi yanavyokwama kwenye maji. Papa Firmin hakuyataka. Alipanda, akamwaga maji, akakunja bashi, akashuka, akasema tu, "Padri, umeichunga muzuri. Sasa tuiache ipumue kidogo." Mtandao ukarudi, Padri akafurahi, tukapewa ndizi. Masera, parabole haipumui. Nimetafuta katika vitabu vitatu.

4. Kuhusu kumbukumbu. Maman Francine, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hajui kusoma, na mtoto wake amekwama Kinshasa, upande wa pili wa vita. Barua pepe ya mtoto ilipofika kituoni, Papa Firmin aliwageuzia wateja wengine mgongo, akamsomea polepole, kwa sauti ndogo. Maman Francine akalia, kisha akacheka, kisha akaenda zake. Nikamuuliza Papa Firmin mtoto anasemaje. Akajibu, "Mutoto gani?" Sijui kama ni busara kumwachia maneno ya kufungulia mashini zote za kituo mtu anayesahau ndani ya dakika mbili.

5. Kwa hiyo naomba mtihani wa kuongea ufutwe, na alama zangu kumi na tisa zibaki peke yake. Hilo likishindikana, fundi aruhusiwe kubeba vibao vitatu vilivyoandikwa Jambo, Inatengenezwa na Kwaheri. Na ikiwa watu wa Bukavu hawataridhika na vibao, basi wao ndio wapewe mtihani. Yeyote anayetaka mtandao wake uharibike aandike maombi kabla, akitaja waya, saa na chanzo. Asiyefikisha kumi kwa ishirini asubiri awamu nyingine. Nimepiga hesabu: mji mzima unaweza kufundishwa kwa miaka miwili, ikiwa amani itakuja mapema.

6. Papa Firmin anasema pia kwamba mashini zenyewe husalimiana kabla ya kupeana habari: moja huita, nyingine huitika, ya kwanza huthibitisha kwamba imesikia, ndipo kazi huanza. Nimeangalia kitabuni, ukurasa wa 212. Ni kweli. Naomba ukurasa huo usitumike dhidi yangu.

Naishia hapa, Masera, nikiamini kwamba mtu aliyeanzisha kituo cha mawimbi anaelewa thamani ya wanaotulia. Unisalimie masera wote wa Idjwi, mpishi wenu, Papa Zagabe anayeshughulikia foni, mke wake, na yeyote ambaye nimemsahau. Nawasalimu wote kwa maandishi, njia pekee ninayoimudu.

Mimi, ikikupendeza, mwanafunzi wako wa kesho saa sita,

Laurette Akonkwa

P.S. Haya nayaongeza Jumamosi jioni, ili karatasi hii itunzwe kwenye faili. Barua haikuondoka. Wanajeshi wamefunga bandari tangu juzi na mtumbwi wa injini umefungwa kamba. Ilibaki foni. Asubuhi nilimwomba Papa Firmin akusomee. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema fundi hawezi kusoma barua inayomshitaki mwenyewe, maana anaweza kulegeza sauti pale inapomchoma. Ni adabu ya kazi. Akawasha foni, akanishikisha kipaza sauti, akatoka na kufunga mlango.

Idjwi ilisikika kama inaongea chini ya maji. Sikujua la kufanya, nikamuuliza Papa Zagabe habari za nyumba. Akasema nzuri. Nikauliza watoto, mihogo, mvua. Akasema mvua haina neno, ila upepo wa jana uliangusha mti wa antena juu ya paa la jiko. Nikamwomba ausimamishe kwanza. Alikwenda, akarudi, na sauti yake ilikuwa safi kama yuko nami chumbani. Ndipo akakuita, nami nikasoma barua yote, dakika ishirini na mbili, nikiwa nimesahau kwamba vituo vya foni vya Luvungi na Kamanyola husikiliza mawimbi yale yale.

Jibu lako nalinakili hapa kama lilivyokuja, saa tano na nusu: "Laurette, nimekusikia. Kisiwa yote imekusikia. Jina yako naiandika sasa, na Firmin akuongezee pointi za kusalimia."

Kwa sababu hiyo naomba namba ya kwanza hadi ya sita zihesabiwe kama hazikuandikwa. Ibaki ya tatu tu, kwa kuwa Luvungi waliomba niirudie, na nikairudia. Nilipomaliza, mwanajeshi mmoja ambaye hakutaja jina wala upande wake aliingia kwenye mawimbi, akauliza ikiwa parabole ya Padri bado inapumua. Nilimuuliza kwanza habari za nyumba. Akasema hana habari za watu wake tangu Pasaka, na kwamba si wengi wanaomuuliza. Nikampa pole.

Kisha nikamjibu kwamba inapumua vizuri.