Rangi ya Kufukuza Baridi

Mwezi wa saba mwaka 1956 baridi ya Iringa ilikuwa ya kuingia mifupani. Matano, mtu wa Tanga aliyekuwa akiishi kwa ulimi wake, alikuwa akipita mtaa wa Mlandege na baiskeli alipomwona mzee mmoja amejifunga blanketi, amesimama mbele ya nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, anaitazama kama mtu anayetazama mjukuu wa kwanza. Bati jipya, baraza pana. Ila kuta za nje hazikuwa na lipu wala rangi. Matano akashuka. Mtu anayeitazama nyumba yake namna ile hahitaji kushawishiwa, anahitaji kuulizwa tu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kamwene," akajibu mzee, akiongeza salamu ya Kihehe.

"Nyumba safi hii. Ndani kuna joto?"

"Ndani ni kama kisimani," akasema mzee. Jina lake Filemoni, mkulima wa mahindi aliyeacha kulima lakini hakuacha kujisifu.

Matano akashusha sauti. Iko rangi ya ng'ambo, alisema, ukiipaka nje inakunywa jua mchana kutwa, halafu inatema joto taratibu mpaka alfajiri. Wazungu wameificha. Kwa mzee angefanya mpango, mradi atangulize kitu kidogo.

"Kwanza paka ukuta mmoja," akasema Filemoni. "Ule wa nyuma. Kesho asubuhi tutaushika."

Matano hakuvunjika moyo. Ukuta ukiwa baridi, angesema rangi changa huanza kazi siku ya saba, na siku ya saba yeye angekuwa mbali. Akashuka bondeni nyuma ya shamba, akachimba udongo wa njano, akaukoroga na maji kwenye debe, akapaka.

Bahati mbaya alichimba akiwa amevaa koti na tai. Iringa nzima hakuna anayechimba udongo na tai, kwa hiyo Filemoni alimwona kutoka mbali.

"Lea," akamwambia mkewe, "yule bwana anachimba udongo wetu ili atuuzie sisi."

Lea alikuwa kwenye chumba cha nyuma, akioka mikate ya kupeleka sokoni. Tanuri lake liliegemea ukuta ule ule. Akafikiri kidogo.

"Mwache apake," akasema. "Mimi nitaongeza kuni."

Asubuhi Matano akaja na maneno yake ya siku ya saba tayari mdomoni. Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto. Akaweka kiganja cha pili. Harufu ya mikate ilikuwa imejaa ua mzima, lakini mtu aliyeona utajiri hanusi kitu.

"Naam, umeweza," akasema Filemoni. "Nilete kiasi gani?"

"Ngoja kwanza, mzee. Lile bonde ni la nani?"

"Langu."

"Ungeniuzia udongo wake? Lori moja tu. Nataka... kufinyanga vyungu."

"Udongo wa babu zangu siuzi," akasema Filemoni, akikaza uso wake kwa shida. "Labda ningebadilishana. Miguu yangu siku hizi inachoka."

Matano akatoa baiskeli. Filemoni akasema tena kuwa kuna baridi. Matano akavua koti. Lea akatoka na kuuliza habari za kuta tatu zilizobaki, Matano akazipaka zote kwa furaha, akipiga mluzi. Akiba yake yote ikaishia kwa dereva wa lori, naye akaenda Mbeya amekaa juu ya udongo, bila koti, meno yakigongana.

Pale Iyunga, Mbeya, akapaka ukuta mmoja wa Halfani, muuza vitambaa ambaye hakusikiliza sana habari za joto. Kesho yake ukuta ulikuwa baridi kama chura. Matano akaushika, akaweka shavu, akageuka akaegemeza mgongo. Halfani akamkuta ameukumbatia.

"Fundi, kulikoni?"

"Una baridi, Bwana Halfani."

"Hii ni Mbeya. Ulitaka uwe na nini?" Halfani akapitisha kidole ukutani. "Lakini rangi imekaa vizuri, haikupasuka. Nimalizie nyumba yote. Unataka ngapi?"

Maishani mwake Matano hakuwahi kutaja bei ya kitu atakachokifanya kweli. Akababaika, akataja ndogo. Majirani wakasikia, wakamjia. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa amepaka nyumba nane, viganja vimepasuka, na watu wasiomjua wanamwita fundi kwa heshima, jambo lililomtia wasiwasi sana.

Siku moja, akiwa juu ya ngazi, akamwona askari anakuja moja kwa moja upande wake. Matano hakuuliza. Aliruka, akapita katikati ya mahindi, akavuka mfereji, askari nyuma yake, mpaka pumzi ikamkatika na kola yake ikashikwa.

"Sasa fundi," akasema askari akihema, "mbona unakimbia kazi? Mke wangu anataka baraza letu liwe la njano."