Ng'ombe wa Mahari Waliogeuka Mmoja

Leo nimeumbuka. Tena ukweni!

Tulikuwa Ngulyati kwa kina Kabula, mchumba wangu, kumalizia mambo ya mahari. Ng'ombe wetu wako Bukundi, mbali, na baba yake alishasema hakubali ng'ombe asiyemwona. Mimi, fundi wa mifumo ya kompyuta hapa Bariadi mjini, nikajitutumua: "Mtawaona kwenye TV." Nikatengeneza ukurasa wa PHP: picha ya kila ng'ombe, rangi yake, na ndugu aliyemtoa.

Ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa. Ila mimi kutulia siwezi. Asubuhi wenzangu wanapiga pasi mashati, mimi nachokonoa code. Mwanzoni kila mstari uliotoka kwenye database ulipata object yake, yaani kijisanduku chake cha kubebea taarifa. Nikaona ubadhirifu! Nikaiambia PHP itumie object moja tu, iijaze upya kwa kila ng'ombe. (Eti naokoa memory. Kwa ng'ombe kumi na wawili!) Nikajaribu na ng'ombe mmoja. Akatokea. Nikafunga laptop kwa madaha.

"Mwangaluka!" Salamu zikaisha, nikachomeka waya kwenye TV.

Akatokea ng'ombe wa bamdogo Masunga. Pembe moja, mbavu nje. Huyo nilimwingiza wa mwisho kabisa. Nikabonyeza mbele. Yeye. Mbele tena. Yeye! Kila ng'ombe alikuwa amemfuta mwenzake, akabaki huyo kwenye nafasi zote.

"Ngosha," baba mkwe akaniita taratibu, "huyu kazaliwa na mapacha wangapi?"

Akina mama wakaangua kicheko. Bamdogo akaanza kuchunguza viatu vyake. Nikafungua code pale pale, nikairudisha ya zamani, nikaonyesha upya. Madume meupe! Mitamba iliyonona! Wote kumi na wawili!

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Sasa hivi alikuwa mmoja," baba mkwe akasema. "Hawa wengine umewazalisha humo ndani?"

"Hapana baba, ni zile object..."

"Object hatuchungi hapa. Nataka wakanyage uwanja huu. Na uwaswage wewe mwenyewe, kwa miguu, toka Bukundi."

Kabula kanitumia meseji, anasema ataningoja. Naomba msinicheke. Anayejua ng'ombe akigoma njiani anabembelezwaje aje inbox haraka, maana mimi nawaogopa tangu utotoni.