Ombi la Mbwa Wangu Kuandikwa Ng'ombe

Nyuma ya mnada,
Tinde.
17 Julai.

Kwa Ofisa Mifugo wa Kata,
Kupitia kwa Mwenyekiti wa Kijiji (ambaye namwomba aigonge muhuri na kuipitisha bila kuitangaza).

YAH: KUMWINGIZA MBWA WANGU KATIKA DAFTARI LA NG'OMBE

Ndugu Ofisa Mifugo Martina,

Marahaba. Najua umeshaniamkia moyoni ulipouona mwandiko huu, kwa kuwa ndio uliokufundisha kugawanya kwa tarakimu mbili ukiwa darasa la nne. Hata hivyo leo sikuandikii kama mwalimu wako wa zamani. Nakuandikia kama mfugaji mwenye ng'ombe kumi walioandikwa (neno "walioandikwa" nimelichagua kwa makini) na mbwa mmoja ambaye hajaandikwa popote, na ambaye anakaribia kufa kwa sababu hiyo.

Mbwa huyo unamfahamu. Ni yule jike wa rangi ya udongo aitwaye Tuheshimiane, jina nililompa mwaka ule nilipogombania mpaka na jirani yangu, ili kila jioni nikimwita mbwa, jirani naye asikie. Mgogoro ulikwisha, jirani akahamia Buseresere, jina likabaki. Leo ni siku ya nne hajala kitu. Amelala chini ya kihenge cha mpunga, fizi zimekuwa nyeupe kama chaki, na nikimwita anatikisa ncha ya mkia tu, kwa adabu.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya kupe. Jumatatu nilimfunga kwenye shuka, nikampakata kwenye bodaboda mpaka Kahama kwa Daktari Herman, ambaye anasifika kwa kutibu wanyama wanaolala ndani ya nyumba za watu. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo broka mmoja wa dhahabu kutoka upande wa Geita, na mbwa wake mwenye manyoya mengi aitwaye Dola. Tatizo la Dola lilikuwa kukataa chakula chochote kisichokuwa soseji. Broka hakuuliza bei. Alitoa noti kama mtu anayegawa karata, wakaondoka, Dola akiwa amekaa kiti cha mbele na kioo kimeshushwa. Ilipofika zamu yetu nikatajiwa gharama ya kufungua faili, ya kupima damu, ya sindano, ya dripu na ya kulazwa. Nikajumlisha kichwani. Nikarudia, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja, na jibu halikubadilika: ni bei ya mtamba mzuri mnadani. Nikamuuliza daktari, kwa upole, imekuwaje, wakati mwaka juzi kwa hela hiyo ungetibu mbwa wa kijiji kizima na wageni wao. Akavua glavu akanijibu, "Mwalimu, dhahabu imepanda."

Mimi sina dhahabu, Martina. Nina mpunga, na mpunga haujapanda. Daktari alinihurumia akanipa vidonge vya siku chache, tukarudi. Njiani nililia, na dereva wa bodaboda akanipa pole ya vumbi.

Sasa, wiki hiyohiyo wewe ulifika zizini kwangu na chanjo ya ruzuku. Ulichanja ng'ombe wangu kwa hela isiyofika bei ya soda, ukawavalisha hereni, ukaandika namba zao kwenye kishikwambi. Tuheshimiane alikuwa amelala hatua tano kutoka uliposimama. Ulimruka. Sikulaumu, kwa kuwa fomu yako haina mahali pa mbwa. Ndiyo maana naomba, kwa heshima zote, umwandike kuwa ng'ombe wangu wa kumi na moja: mtamba, rangi ya udongo, umbo dogo. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kupe ni walewale. Wanaomnyonya Tuheshimiane wametoka kwa ng'ombe wangu, kwa sababu analala nao. Hakuna kupe aliyewahi kusimama njiani akajiuliza kama anahamia kwa mfugo au kwa kipenzi. Ng'ombe anaogeshwa, kupe anahamia kwa mbwa. Mbwa akienda josho, msimamizi Mzee Mwita anamfukuza kwa maneno kwamba pale wanaogeshwa mifugo. Mwezi wa tano Tuheshimiane alijirusha mwenyewe ndani ya josho nyuma ya fahali wangu, akaogelea vizuri kuliko ndama wengi, na Mwita akamtoa kwa ufito kabla hajafika upande wa pili. Hivyo aliogeshwa kichwa na mabega tu. Kupe wote wakahamia nyuma.

2. Kuhusu maumbile. Ana miguu minne na mkia. Pembe hana, lakini hata ng'ombe wasio na pembe wapo na hakuna aliyewahi kuwanyima chanjo. Chuchu anazo nane, mara mbili ya ng'ombe yeyote katika kata hii. Utasema hatoi maziwa. Huu ni mwezi wa Julai, Martina. Nitajie ng'ombe mmoja wa Tinde anayetoa maziwa ya kujaza kikombe mwezi huu, nami nitaifuta barua hii. Kuhusu nyama, naomba tusifike huko.

3. Kazi yake inajulikana. Kila jioni ndiye anayewarudisha ng'ombe zizini, na akikosekana mmoja harudi mpaka ampate. Lakini si hilo linalonifanya niandike. Mwaka juzi niliteleza kwenye jaruba langu la mbali nikavunjika mguu, nikalala kwenye maji ya mpunga nisiweze hata kukaa. Ng'ombe wangu waliniangalia, wakaendelea kula. Tuheshimiane alikimbia mpaka nyumbani, akang'ata kitenge cha Mama Dorah, akakivuta mpaka mke wangu alipokubali kumfuata. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusali sala za kuaga. Siku ile hakuna aliyeuliza kama yeye ni mfugo au si mfugo. Leo yeye ndiye amelala, na ni zamu yangu kung'ata kitenge cha mtu. Nimechagua chako.

4. Heshima ya takwimu zako. Wewe ni mtoto wa hapahapa, unajua kwamba kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Mwenye themanini anasema ishirini, mwenye ishirini anasema ni wa marehemu shemeji yake, na siku ya kuhesabu nusu ya ng'ombe wa Samuye huwa wamekwenda kutembea. Nimefanya uchunguzi mfupi na nina hakika kwamba, tangu kata hii ianzishwe, mimi ndiye mwananchi wa kwanza kufika kwa hiari yangu kuomba idadi ya ng'ombe wake iongezwe. Mtu wa namna hii hafai kukatishwa tamaa. Afadhali apewe cheti.

5. Utaogopa kwamba nikikubaliwa mimi, kesho watakuja wote. Waje. Kuhusu paka nimeshafikiria: wanaweza kuandikwa mbuzi, maana hata wao hupanda juu ya kila kitu na hawasikii. Yule Dola wa broka naye aandikwe fahali, na alipiwe ushuru wa fahali kila akipita kizuizini na kioo chake kimeshushwa.

6. Mwisho, sipendi sheria ya upande mmoja. Tuheshimiane asiwe ng'ombe siku ya chanjo halafu awe mbwa siku ya ushuru. Akishaandikwa, awe ng'ombe kwa mambo yote: ng'ombe josho, ng'ombe mnadani, ng'ombe benki, ng'ombe kwenye mahari. Na kama ni yeye, basi ni kila mbwa mwenye afya na tabia njema. Mimi ni mwanamume mzima, na maneno haya nitayasimamia mbele ya mtu yeyote, wakati wowote.

Naomba nijibiwe kabla ya Jumamosi, kwa sababu vidonge vinakwisha Ijumaa. Sitaki kukuficha kitu: naogopa. Usiku namwekea mkono ubavuni kuona kama bado anapumua, na Mama Dorah anajifanya amelala ili nisione haya.

Nisalimie mama yako, mwambie michembe yake, vile viazi vikavu, ilifika na imekwisha. Nisalimie karani wako, na wote wanaofanya kazi katika ofisi ile yenye kiti kimoja. Mzee Mwita pia msalimie. Mwambie sina kinyongo naye, ila nakiombea kile kifito chake kivunjike. Ng'ombe wote kumi wanakusalimia na wanakiri kwamba sindano haikuuma.

Ni mimi ninayengoja jibu nikiwa nimekaa chini ya kihenge,

Mwl. Pantaleo Maduhu (mstaafu)

Nakala: Daktari Herman, Kahama, ili ajiandae kupunguza bei.

BAADA YA SAHIHI (naongeza haya nikiwa kwa Mwenyekiti, ambako barua ingalipo). Martina, barua hii ikikufikia naomba usiisome. Ikiwa umeshaisoma, ichane.

Mwenyekiti amekaa nayo siku nane akitafuta muhuri, na katika kuutafuta ameisoma kwa sauti kwenye msiba mmoja na kwenye minada miwili. Habari zikafika Samuye, nyumbani kwa kijana anayemuoa binti yangu Dorah. Jana walileta mahari. Tulikuwa tumekubaliana ng'ombe kumi na wawili. Wameleta ng'ombe wanane na mbwa wanne. Wote wanne wana afya, na kwa muda niliowaona, wana tabia njema.

Ndugu zangu wakanigeukia. Mshenga wao, Mzee Charles, akavaa miwani, akatoa karatasi aliyonakilia, akasoma kipengele cha sita mbele ya ukoo wangu wote, taratibu, mpaka pale penye "mwanamume mzima". Nikasimama. Nikasema, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nistaafu, kwamba mbwa ni mbwa, alizaliwa mbwa na atakufa mbwa, na kwamba mtu anayemwita mbwa ng'ombe apelekwe akapimwe kichwa. Shemeji zangu wakapiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Hapo sina budi kukueleza jambo. Mama Dorah hakungoja muhuri. Siku ya pili tu baada ya mimi kuandika, alimfungua mtamba wake (mmoja wa wale ambao wewe hukuwaandika), akampeleka mnadani akamuuza, na hela yote tukaiacha kwa Daktari Herman. Sikumkataza. Kusema kweli, kamba ya mtamba niliishika mimi. Tuheshimiane alilazwa siku tatu, akarudi na bandeji mguuni, na tangu juzi anakula ugali wake na wa paka.

Sasa Mzee Charles aliacha makofi yaishe, akakunja karatasi, akasema, "Baba Dorah, hapa kwako mbwa mmoja amekombolewa kwa ng'ombe mmoja, na Tinde nzima imeona. Wewe ni mwalimu wa hesabu. Sisi tumekosea wapi?"

Nimekesha nikiitafuta hiyo hesabu na sijaipata. Tafadhali andika leoleo, kwa muhuri wa ofisi yako, kwamba kwa mujibu wa Serikali mbwa si ng'ombe na hajawahi kuwa, halafu uje mwenyewe na mkoba wako wa dawa. Wale wanne tumewafunga zizini, na mmoja wao tangu asubuhi hataki kula.