Shuka Nyeupe hadi Budapest

Jumatatu, 10 Juni

Nimekuwa babu! Ralitsa, binti yetu wa pekee, amejifungua salama huko Budapest. Msichana. Anaitwa Lilla. Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Mke wangu Nedyalka hakulia. Alisema twende. Nikasema twende. Ndege hapandi, anasema kitu kisichogusa ardhi hakiaminiki, kwa hiyo ni treni. Lakini akatoa sharti: kitanda, chumba cha watu wawili, shuka nyeupe. Mgongo wake haujapona tangu mavuno ya zabibu ya mwaka jana. Akanikumbusha kwamba niliahidi kumpeleka ng'ambo siku ya harusi yetu, mbele ya padri, na mpaka leo ng'ambo anaiona kwenye televisheni. Akifika Budapest mgongo umepinda, hatasafiri tena na mimi popote, hata sokoni. Namjua mke wangu. Akisema limekwisha.

Tatizo ni Zahari, kaka yake. Yeye anakwenda kwa ndege. Alinipigia simu kunijulisha, kisha akapiga tena kuhakikisha nimejulishwa. Eti atakuwa anakunywa kahawa Budapest wakati sisi bado tunasalimiana na ng'ombe wa Romania. Eti shemeji, mkono wako wa birika utamuua dada yangu! Mimi! Mkono wa birika! Nitamwonyesha. Raha ya kifalme, bei ya kutupa.

Nataja tu: tofauti kati ya bei ya kiti na bei ya kitanda inatosha kununua ule mtungi wa shaba wa kupikia rakia, pombe yetu kali ya matunda, anaouza jirani. Siwazi lolote. Nataja tu.

Jumanne, 11 Juni

Utafiti. Kutoka hapa Pleven hadi Bucharest ni mchana, haina shida. Kutoka Bucharest hadi Budapest ni usiku kucha na zaidi, na hapo ndipo kwenye kazi. Kuna kiti. Kuna chumba cha watu sita, vitanda vitatu huku na vitatu kule, kama rafu. Na kuna chumba cha wawili anachokitaka Nedyalka, ambacho bei yake ilinifanya nivue miwani, niifute, nisome tena.

Nikapima kiti kwanza. Nilikaa jikoni wima kwenye kiti cha mbao, nikafumba macho, nikaanza safari. Nadhani nilifika mpakani. Kisha nikaanguka na kumwangukia paka. Kiti kimeshindwa.

Nikapima rafu. Stoo tunayo rafu pana. Nikahamisha makopo ya pilipili za kuchoma, nikajipenyeza chali, pua ikagusa rafu ya juu. Pazuri! Penye baridi nzuri! Kutoka ndiyo ikawa shughuli. Nedyalka alipokuja kuchukua unga akanitazama, akachukua unga, akaondoka.

Aliyenitoa ni Zahari. Sijui nani alimwita. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema shemeji, sikiliza, hata kabla ya rafu kuna jambo huna habari nalo. Ng'ambo wanatikisa kichwa kinyume. Sisi watu wa hapa kushoto na kulia ni ndiyo, juu na chini ni hapana. Ukivuka mto Danube, juu na chini ni ndiyo, kushoto na kulia ni hapana. Eti yeye mwenyewe aliwahi kukosa chakula cha jioni Vienna kwa kosa hilo.

Nilijifanya nalijua zamani. Lakini ni kweli. Wenzetu wamegeuza, masikini. Basi nitajizoeza kuanzia leo, ili nikifika huko nisikose kitu. Mtu hujiandaa nyumbani.

Jumatano, 12 Juni

Mazoezi. Nedyalka aliuliza kama nataka supu. Nikainamisha kichwa juu na chini, kwa madaha, kama mtu wa Budapest. Akairudisha sufuria jikoni. Jirani akauliza kama mtungi wa shaba bado nauhitaji. Juu na chini tena. Uso ukamshuka, akasema sawa, atamuuzia mtu wa Lovech. Nilimkimbilia hadi getini nikipiga kelele ndiyo, ndiyo! Akaniuliza kama naumwa.

Hata hivyo shingo imeanza kuzoea. Nimekula mkate mkavu, lakini nimeula kama mtu wa Ulaya nzima.

Na nimeamua. Moyo umeshinda mtungi. Nitamnunulia Nedyalka chumba cha wawili. Mgongo ni wake, ahadi ni yangu. Nilijisikia vizuri sana baada ya kuamua, karibu kama nimekwisha kulipa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimenunua! Nilikwenda mwenyewe dirisha la tiketi stesheni. Mama wa dirishani ana kioo kizito mbele yake, na nyuma yangu treni ya Varna ilikuwa inaingia kwa kishindo. Nikapiga kelele Bucharest, Budapest, wawili, kwenda tu, kurudi tutaona. Akauliza kitu, nikasikia neno moja: vitanda? Nikainamisha kichwa juu na chini mara kadhaa, kwa ustadi mkubwa. Akaandika. Akasema baba, hizi za punguzo hazirudishwi, umekubali? Hapo treni ilikuwa imenyamaza, nikamjibu kwa mdomo ndiyo.

Bei ilikuwa ndogo ajabu! Sikuuliza. Mtu hamuulizi bahati yake inatoka wapi. Nikapita kwa jirani, nikaweka malipo ya kwanza ya mtungi. Zahari atakufa kwa kijicho.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeula wa chuya.

Leo nimevaa miwani na kusoma tiketi. Viti. Viti viwili, daraja la pili, kando ya dirisha. Nilikaa kitandani nikawaza imekuwaje, mpaka nikaona kichwa changu kwenye kioo, na kichwa kilikuwa bado kinainama juu na chini. Yule mama ni mtu wa Pleven! Kwa kichwa cha kwetu nilimwambia hapana, hapana, hapana, sitaki vitanda!

Nilirudi stesheni mbio. Ni yuleyule. Akanikumbusha neno lake, hazirudishwi. Akaongeza kwa huruma kwamba hata hivyo vyumba vya wawili vimekwisha, wiki hii watu wote wanasafiri. Akasema pole baba. Nikatikisa kichwa kushoto na kulia, bila kukosea sasa.

Nedyalka sijamwambia. Anaimba. Anapiga pasi gauni la buluu. Aliniuliza kama shuka za treni zinanukia sabuni. Nilikohoa. Naona aibu, naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Lakini mambo hayajaharibika! Mpango mpya. Nitabeba shuka yetu nyeupe, ile ya kitani ya mama yangu, nitaitandika juu ya viti. Nitabeba mito miwili. Nitabeba makopo mawili ya pilipili kwa ajili ya kondakta, maana kondakta naye ni mtu, ana tumbo. Kitanda ni nini? Ni shuka na nia njema.

Jumapili, 16 Juni

Tumefika Bucharest, tuko stesheni, treni ya Budapest inangojwa. Mchana umekwenda vizuri. Danube tuliivuka Nedyalka akiwa amenishika mkono, akasema tazama, Tsanko, tuko ng'ambo. Miaka yote hiyo. Nikasema naam.

Ameniuliza begi hili kubwa lina nini. Nimesema zawadi za mtoto. Treni inaingia. Mungu anisitiri.

Jumatatu, 17 Juni, asubuhi, ndani ya treni

Naandika nimelala chali. Narudia: nimelala! Shuka nyeupe, inanukia sabuni! Ngoja nianze mwanzo.

Nedyalka aliviona viti. Akatazama tiketi, akanitazama mimi, akatazama viti tena. Nikatoa shuka ya mama, nikaitandika, nikapanga mito, nikamwambia karibu, Mama Ralitsa, chumba chako. Aliketi pembeni kabisa, mkoba mapajani, akaligeukia dirisha. Akasema polepole kwamba kurudi atarudi hata kwa miguu, lakini bila mimi. Nilitamani anitukane.

Kondakta wa Romania akapita, mtu mnene wa masharubu. Akaiona shuka, akaona mito, akaona uso wa mke wangu. Nikampa makopo ya pilipili yote mawili. Akafungua moja, akanusa, akafumba macho. Kisha akaweka viganja viwili chini ya shavu, kama anayelala, akaonyesha mbele kwenye behewa la vitanda, akainua kidole kimoja na cha pili. Kuna chumba kitupu! Watu wake hawakutokea! Anauliza, mnataka?

Furaha ilinipanda kichwani. Na kichwa, kwa furaha ile, kikafanya kilichofundishwa na mama yangu. Nikakitikisa kushoto na kulia, kushoto na kulia, kwa nguvu zangu zote!

Kondakta akashangaa, akainua mabega, akaondoka na pilipili.

Nedyalka akasimama. Mgongo mbovu na yote, alisimama kama askari. Akapaza sauti kwenye ujia mzima neno moja tu: "Da!" Maana neno hilo ni moja, kwetu ndiyo, kwa Waromania ndiyo. Hakuhitaji mazoezi wala shingo. Kondakta akageuka akitabasamu, akaja, akachukua begi la Nedyalka.

Kisha akaninyooshea kidole mimi. Na huyu?

Nedyalka akanitazama, nikatazama viatu. Akakiinamisha kichwa polepole, juu na chini, juu na chini, hapana ya Pleven iliyokamilika, ile anayompa muuza mazulia mlangoni.

Kondakta akasema "Da, da," akabeba na begi langu.

Lo! Uso wa mke wangu! Tulikwenda nyuma ya kondakta mmoja nyuma ya mwingine. Mlango ulipofungwa alijikaza, akajikaza, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha chini na kushika mgongo, akasema Baba Ralitsa, hata nikikukataa napewa wewe. Akalala hadi jua lilipotoka. Sasa hivi ameamka, amejinyoosha, na mgongo haumuumi. Kilicho bora, tumelipa bei ya viti. Nilijua.

Jumanne, 18 Juni, Budapest

Lilla ana kidevu changu. Nimembeba. Ni mwepesi, na ananukia maziwa. Nedyalka alilia safari hii, mimi ndiye niliyemtafutia leso.

Zahari kafika kwa ndege bila begi. Begi limebaki pengine, hakuna ajuaye wapi. Amevaa suruali ya Bence, mkwe wetu, ambaye ni mfupi sana. Nilimkaribisha kahawa. Sikusema chochote kuhusu suruali mpaka alipokaa.

Jioni Nedyalka aliniita kibarazani. Alikuwa mpole. Akasema amefurahi, atasafiri nami tena, hata Istanbul kama nikitaka. Lakini kwa sharti moja: kuanzia leo tiketi ananunua yeye, na mimi nisisogelee dirisha lolote la tiketi, wala kompyuta. Akauliza, umeelewa, Tsanko? Umekubali?

Nikainamisha kichwa taratibu, juu na chini. Akanibusu kwenye paji la uso, akamwambia Ralitsa kwamba baba yako hatimaye amejua kuitikia kama watu wa huku.

Lakini mimi ni mtu wa Pleven, na sipendi kumdanganya mke wangu. Tiketi za kurudi nilinunua adhuhuri kwenye kompyuta ya Bence. Viti, daraja la pili, tunabadilisha treni mara nne, hazirudishwi. Shuka ninayo.