Mafuta ya Norman

Jumatatu, 14 Julai
Norman ameingia okestra yetu. Mwanafunzi wangu wa zamani! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika tromboni pale shuleni Waithaka, kamasi zikimtoka. Leo ameketi kiti cha pili, ubavuni mwangu, akanisalimu kwa heshima mno. Mtu hawi mpole hivyo bure. Anakitaka kiti changu cha kwanza, na kile kipande ninachopiga peke yangu Jumapili.

Jumatano, 16 Julai
Si nilisema! Baada ya mazoezi amenipa kichupa cha mafuta ya mrija, ule tunaouvuta na kuusukuma ili sauti ibadilike. Hakina nembo. Eti anayachanganya mwenyewe kwao Uthiru, na eti mrija wangu unakwaruza. Unakwaruza! Nikashukuru, nikakitia mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 18 Julai
Norman alipokwenda kunywa chai, nikaufuta mrija wake, nikaupaka yale mafuta yake, yote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wangu nitaupaka mafuta ya nazi ya mke wangu, Joyline. Hayo hayana hila. Joyline alilalamika kwamba ni ya nywele, na kwamba msimu huu lazima ayapashe motoni kwanza. Nikamwambia muziki si nywele.

Jumapili, 20 Julai
Aibu. Nyumbani, kando ya jiko, mrija uliteleza vizuri kabisa. Ukumbini mjini kulikuwa na baridi, na tromboni hukaa kimya muda mrefu zikingoja zamu. Zamu ikafika. Nikasimama, nikavuta. Wapi! Nikavuta kwa mikono miwili. Ikatoka sauti moja tu, ya ng'ombe aliyefungiwa zizini. Bi. Vaishali, anayetuongoza, akamwelekezea Norman fimbo, naye akakipiga kipande changu chote bila kukwama. Watu wakasimama kumshangilia. Machozi yalinitoka, nikasingizia mafua.

Jumatatu, 21 Julai
Nimehamishiwa kiti cha pili. Norman akamsihi Bi. Vaishali anirudishe, akisema yote anayojua aliyapata kwangu. Uigizaji mtupu. Halafu akanijia na kichupa kingine.

"Mwalimu, hiyo mafuta yako iliganda tu juu ya baridi. Leta nikupakie hii yangu."

Alijuaje ni baridi? Uthiru kuna baridi kuliko huku kwetu Jamhuri. Huyu alishaipigia hesabu. Na alijua fika kwamba kile kichupa cha kwanza nitampaka yeye. Nimekimwaga hiki cha pili kwenye sinki.

Bi. Vaishali atanisikiliza tena Jumamosi. Safari hii nimepata mafuta ambayo Norman hawezi kuyachezea: samli ya Joyline. Kopo lina nembo, tena limejaa. Asubuhi hii nimelijaribu, na hata kijiko hakikuingia.